Orodha Nene

Jirani yangu wa duka la vitenge hujisifu kuwa ana anwani 9,000 za barua pepe. Kazitoa wapi? Daftari la wageni wa harusi, kadi za biashara za mwaka 2011, na wengine, Mungu awarehemu, hawasomi tena chochote. Kila Ijumaa wote wanapata tangazo, marehemu wakiwemo. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka anayetuma matangazo zaidi ya 5,000 kwa siku aweke kitufe cha kujitoa, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Nikamshauri apunguze majina. Akanitazama kama niliyemwambia auze mtoto. Sasa barua zake zote zinaangukia kwenye taka, hata ile ya kunidai. Kwa hiyo moja, mimi sina malalamiko.