Msasa Namba 40

“Baba Nimo, jana ulitukosesha usingizi,” mama mboga aliniambia asubuhi ya leo huku akikatakata sukuma wiki, macho yameganda kwenye kisu. Wateja wawili waliokuwa wakichagua nyanya wakakumbuka ghafla kwamba walitaka vitunguu. Mmoja mabega yalikuwa yakimtikisika. Nikauliza kulikoni. Mama mboga akanihurumia: “Shemeji yangu anauza mapazia pale Top Market. Hata ya mitumba yapo, ukimwambia nimekutuma mimi atakupunguzia.”

Basi nikaelewa. Jana kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa tano nilikuwa sebuleni kwangu, ghorofa ya tatu, hapa Section 58, Nakuru, nimevaa chupi, kofia ya kuogea ya mke wangu na leso yake nimeifunga puani kama jambazi. Mapazia nilikuwa nimeyashusha mchana. Taa nilikuwa nimeiweka sakafuni, inamulika juu. Ploti ya pili iko karibu kiasi kwamba jirani akikaanga vitunguu, mimi ndiye ninayetokwa na machozi. Na nilikuwa nikiimba.

Nina maelezo, ingawa hakuna aliyeyataka kule kibandani.

Ninahama mwisho wa mwezi. Mwenye ploti ana sheria moja: urudishe nyumba ikiwa na rangi mpya, la sivyo dipoziti inabaki kwake. Dipoziti yangu ni shilingi 14,000. Fundi alitaka 9,000 za kazi, rangi ninunue mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini nyingi hivyo wakati kupaka ni siku moja. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyesoma kidogo. “Bosi, kupaka si kazi. Kazi ni kuandaa.” Na nikiandaa mwenyewe? “Leta 4,000.” Elfu tano nzima, nami nina mikono miwili! Nikamwambia ukuta ataukuta tayari.

Akanipa masharti. Shusha kila kitu, hata mapazia, maana vumbi la skimu likiingia kwenye kitambaa halitoki. Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi cheupe, rangi ya zamani imegeuka unga na haiwezi kushika nyingine juu yake. Osha jikoni kwa sabuni, kwa sababu rangi haikai juu ya mafuta. Ziba nyufa kwa skimu, ngoja ikauke, piga msasa. Halafu akanipa siri ambayo bado inanifurahisha hata baada ya kuniaibisha: usikague ukuta mchana. Ngoja giza liingie, uweke taa pembeni, karibu kabisa na ukuta. Mwanga ukija kutoka mbele, ukuta wowote ni laini. Ukija kutoka ubavuni, kila kipele kinatupa kivuli chake. Nilipoiwasha jana, sebule niliyoishi miaka mitatu nikidhani ina kuta nyoofu ilitokea kama kreta ya Menengai inavyoonekana jua likizama: mabonde, matuta, na korongo moja refu pale kochi lilipokuwa likigonga.

Kwa hiyo giza lilikuwa la kitaalamu. Taa pia. Chupi ilikuwa kwa sababu ya vumbi.

Vumbi hilo lastahili heshima yake. Inasemekana jina la Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na hata tulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 hakuna aliyefuta kiti bila kuangalia kwanza. Lakini vumbi jeupe ni ukoo mwingine. Nenda Kariandusi, karibu na Gilgil, uone mlima wa unga mweupe mwepesi unaochimbwa kule: ni magamba ya viumbe vya majini visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kuzama katika ziwa la kale, kizazi juu ya kizazi, hadi vikawa mwamba. Unga wa namna hiyo hutiwa kwenye rangi zisizong’aa. Chembe zake hutawanya mwanga, ukuta ukatulia. Mtu ananunua debe la rangi tulivu ya chumba cha kulala, kumbe anajipakia makaburi ya ziwa.

Na msasa! Kabla haujawa karatasi dukani, msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao. Karatasi ikaja, ikarithi jina. Ingekuja na maelekezo, nisingekuwa hapa nilipo.

Kwani karatasi ya msasa ina namba mgongoni, nami nikafikiri kama mtu mwenye akili timamu: namba kubwa, ukali mkubwa. Kazi ya kumalizia inataka upole. Nikamwambia muuzaji wa hadiwea, “Nipe namba ndogo kabisa uliyo nayo.” Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamjibu mimi si mgeni. Akanipa namba 40, karatasi sita.

Namba ile huhesabu matundu ya chujio katika inchi moja. Chembe za namba 40 zimepita kwenye chujio cha matundu machache, kwa hiyo ni changarawe. Za 220 zimepita kwenye chujio laini, ni kama unga wa ngano. Haya nimeyajua leo. Jana nilijua tu kwamba ninasugua kwa bidii na kwamba wimbo unanoga, hadi niliposogeza taa nikaona ukuta kana kwamba chui wa hifadhini amepita akinoa kucha.

Nilikuwa nimekwangua skimu yote, rangi, na rangi iliyo chini yake, hadi plasta. Nikapiga magoti kuona hasara. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill mwaka 1937, hapo tu nje ya mji, alisoma maisha ya watu kwa tabaka za udongo. Mimi nilisoma ploti yetu. Juu krimu. Chini yake kijani. Chini yake saruji. Basi.

Keateka ananiambia kabla yangu walipita wapangaji watano. Je, walirudishiwa dipoziti? Akacheka. Wote waliiacha, “ya rangi.” Sasa nihesabieni. Kijani ni ya siku nyumba ilipojengwa. Krimu ni mara moja. Wapangaji watano wamelipia rangi, ukuta umeona rangi moja. Kama kila mmoja aliacha hata 10,000, mtu amekula elfu arobaini akiwatazama usoni, na kila mmoja wao aliondoka akijilaumu kwa alama za vidole vya watoto wake. Mmoja alikuwa mwalimu mjane, keateka anasema, alihamishwa Molo katikati ya muhula. Hilo halinichekeshi hata kidogo.

Mengine ni madogo. Gundi ya karatasi iling’oa rangi ya mlango. Mke wangu ameiona kofia yake.

Fundi alikuja mchana, akapiga skimu upya kwa 6,000, kwa hiyo nimepoteza elfu moja niliyokuwa nimeshaipangia matumizi. Nyuma ya mlango nimemwomba aache kipande cha ukubwa wa kiganja kama kilivyo, tabaka zote mbili zikionekana, nami nimeandika tarehe kwa penseli.

“Bosi, hapa tumesahau,” akasema jioni, brashi mkononi.

“Hapo usiguse, fundi. Hapo pana watu watano.”