Jinsi ya Kukilea Choa, na Jinsi ya Kukimaliza

Anayetaka choa kikae mwilini mwake hadi mvua za Novemba asihangaike. Apake krimu siku tatu, aone muwasho umetulia, airudishe tyubu juu ya kabati. Siku ya sokoni ampe jirani kilichobaki, naye jirani apake siku tatu zake. Kwa ukarimu huo, kuanzia Kibwezi hadi Mwingi tutajikuna kwa zamu.

Inaniuma kwa sababu choa kinapona. Klotrimazoli ya asilimia 1, ambayo huikosi kirahisi katika maduka ya dawa ya Wote au Kitui mjini, inatosha kumaliza choa cha mwilini, cha mapajani na cha kati ya vidole vya miguu. Tunachoinyima ni siku. Fangasi wanaishi kwenye tabaka la juu la ngozi, na muwasho hutulia kabla wao hawajaisha. Ukiacha hapo, wanaanza upya.

Kitazame choa kwa karibu. Katikati ngozi imeanza kurudi hali yake, lakini ukingoni kuna mzingo ulioinuka, wenye magamba madogo. Hapo ndipo fangasi wanapokula, na hapo ndipo wengi hawapaki. Osha, kausha kabisa, kisha anzia nje ya mzingo, kama sentimita 2 ndani ya ngozi inayoonekana nzima, uelekee katikati. Paka utando mwembamba, asubuhi na jioni, kwa wiki 2 hadi 4, na uendelee wiki moja au mbili baada ya alama kutoweka. Halafu nawa mikono.

Najua maji ni shida. Anayefukua mchanga wa mto kupata mtungi mmoja hawezi kuambiwa aoge mara tatu. Kitambaa kilicholowa kinatosha. Kukausha ndiko muhimu zaidi. Taulo iwe ya mtu mmoja, na nguo na shuka zikishafuliwa zianikwe juani. Jua tunalo la kutosha. Mtazame na ndama pia: akiwa na mabaka ya kijivu yaliyonyonyoka manyoya karibu na macho, huenda ndiye anayewaambukiza watoto wanaomfungua asubuhi.

Kichwa cha mtoto ni habari nyingine. Mapunye, au mashilingi kama wengi tunavyoyaita, hayaponi kwa krimu, maana fangasi wameingia ndani ya unywele hadi shinani. Mama, usimalizie pesa kwenye tyubu wala usimpake mtoto mafuta ya taa. Mpeleke kituo cha afya apewe dawa ya kumeza. Griseofulvini humezwa kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, na nywele huota tena.

Tyubu ninayoiogopa kuliko zote ni ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali, vyote pamoja. Siku ya pili wekundu umepungua na mteja anamsifu muuzaji. Kumbe steroidi imezima kinga ya ngozi, fangasi wanatambaa bila kusumbuliwa, choa kinapoteza umbo lake la duara, na hata daktari anapata taabu kukitambua. Mapajani, ikipakwa kwa muda mrefu, ngozi hukonda na kubaki na michirizi isiyofutika. Kabla hujalipa, soma kisanduku. Ukikuta jina linaloanza na "betametha", mrudishie muuzaji na uombe klotrimazoli tupu.

Wiki 4 zikipita bila nafuu, nenda ukapimwe. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asingoje hata hizo. Na baka ambalo ukiligusa huhisi kitu, usilipake chochote. Nenda hospitali wiki hii hii, kwani huenda ni ukoma. Nao una tiba, na dawa zake hutolewa bure.