Kapera wa Fomu

Mxiii! Mwanaume ana mke wa ndoa, ana watoto watatu, ana mama mkwe anayembipu kila Ijumaa kuulizia hela ya mchele, lakini ukifunua fomu yake ya bahati nasibu ya grinikadi ya Marekani unakutana na kapera. Hana mke, hana mtoto, hana hata mchumba. Msafi kama padri.

Stori za namna hii zikitua kijiweni, wazee wanasonya, vijana wanaangua kicheko, halafu lazima atokee mmoja aulize kwa sauti ya chini, "Lakini kwani kuna ubaya gani?" Ukimsikia anauliza hivyo, jua naye kajaza.

Basi tuseme ubaya uko wapi. Na tuanzie steshenari, maana huko ndiko makapera wanakotengenezwa.

Kijana wa steshenari ana vidole viwili kwenye kibodi na nyuma kuna foleni ya watu wanaotaka kutoa kopi za vyeti. Anauliza bila kugeuka, "Bro, ndoa?" Bro anatazama mlangoni kwanza. "Weka sijaoa, mambo yasiwe mengi." Tiki. "Watoto?" "Weka sifuri." Kwa nini sifuri? Kwa sababu ukiandika mke, fomu inadai picha ya mke. Ukiandika watoto, inadai picha ya kila mtoto, ya karibuni, mandharinyuma nyeupe, bila kofia wala miwani. Mke yuko Gongo la Mboto, watoto wako shule, na picha zinalipiwa moja moja. Kwa hiyo familia nzima inafutwa ili kukwepa gharama ya passport size. Akibonyeza kutuma imekwenda, hairudi kurekebishwa. Na ukijifanya mjanja ukatuma nyingine yenye ukweli mwaka huohuo, zote mbili zinatupwa, maana mtu mmoja anaruhusiwa ombi moja tu.

Wengine hawana shida ya picha. Hao wanaamini kabisa kwamba asiyeoa ana bahati zaidi. Sijui nani aliianzisha hii. Kompyuta inachagua kwa kubahatisha, kwa kanda za dunia, wala haijui kama unalala na mtu au na mto. Programu yenyewe ilitokana na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1990, na viza zake ni hadi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Kwa viza za mwaka 2025 maombi yalikaribia milioni 20. Waliochaguliwa walikuwa kama 131,000, na katika hesabu hiyo wake, waume na watoto wao wamo. Yaani hata kuchaguliwa si kupata viza, ni kuitwa kwenye foleni.

Sasa sikia kinachonikera. Mwenye ndoa ndiye mwenye nafasi kubwa, kama angetulia akasoma. Mume anatuma ombi lake na kumtaja mke, mke anatuma ombi lake na kumtaja mume. Wote wawili wanaruhusiwa, mradi kila mmoja ana elimu ya sekondari au ile kazi ya ujuzi wanayoitaka. Akitoka mmoja, mwenzake anafuata kwenye bahati hiyohiyo. Nyumba moja, nafasi mbili. Bwana mkubwa kaziona mbili, kachagua moja, na hiyo moja kaiharibu kwa mkono wake.

Lakini nisiwasingizie wote utapeli. Wengi wetu hali zetu za ndoa zinategemea anayeuliza ni nani. Mwenye nyumba akiuliza, ni mke wangu. Mwanamke mwingine akiuliza, ni dada tunaishi naye tu. Mchungaji akiuliza, tuko kwenye mipango. Ukiwa sogea tukae mwaka wa sita, mahari umetoa nusu, wazee wamekula mbuzi, lakini cheti huna, si ajabu kujiambia kwamba hujaoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haikuoni hivyo. Ndoa ya kimila inaitambua sawa na ya kanisani, ya msikitini na ya bomani, na kukosa kuisajili peke yake hakuivunji. Tena kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, basi itachukuliwa kuwa wameoana mpaka anayebisha athibitishe vinginevyo. Kama kweli hakuna lililofungwa, si mila, si dini, si bomani, wewe hujaoa, andika hivyo bila hofu. Lakini kama mjomba wako alisimama akapokea mbuzi na shemeji zako wanakuita shemeji, usimwambie ofisa wa ubalozi kwamba yule ni rafiki.

Na wale wa talaka. "Tulishaachana, yuko kwao Tanga." Mliachana wapi? Kwa simu. Aliondoka na begi na feni, na nyinyi mkaona yameisha. Fomu ya Wamarekani inataka talaka iliyokamilika kisheria, na kwa Bara hiyo maana yake ni hati ya mahakama, hata kama talaka yenyewe ilianzia kwa shehe na baraza la usuluhishi. Kutengana kunakohesabiwa nako ni kule kulikoamriwa na mahakama. Huna hati? Basi yule wa Tanga bado ni mke wako na anaandikwa, hata kama hamsalimiani. Kuandikwa hakumlazimishi kusafiri. Hilo ndilo watu hawaliamini, kwamba unamtaja mke kwa sababu yupo, si kwa sababu unaenda naye.

Mwenye wake wawili ndiyo kabisa. Wamarekani wanamtambua mmoja, wa kwanza kisheria, na atakayesema anakwenda kuendeleza mitala kule ananyimwa viza kwa hilo tu. Kwa hiyo ujanja wa kumwandika bi mdogo kwa kuwa yeye ndiye anapendeza pichani, huku bi mkubwa hajapewa talaka, haufiki mbali.

Tukija kwa watoto, msonyo unakuwa mrefu zaidi. Kila mtoto wako aliye hai, hajaoa wala kuolewa, yuko chini ya miaka 21, anatakiwa kwenye fomu. Wa ndoa, wa nje ya ndoa, wa kulea kisheria, wa mkeo aliyekuja naye. Awe anaishi kwako au kwa bibi yake Kigoma, awe anakwenda au haendi. Hapa hakuna cha "lakini mama yake hatukuoana". Mwanaume akaficha mtoto wa Mbagala ili mkewe asijue, akamwandika mke na watoto wa ndani vizuri kabisa, akachaguliwa, wakapima afya wote, wakalipa dola 330 kwa kila kichwa, mtoto wa ndani, mkubwa, mdogo, wote. Siku ya mahojiano ofisa akauliza mbele ya mkewe kama ana watoto wengine. Ukisema hapana umedanganya ukiwa umeshakula kiapo, na ukisema ndiyo fomu imeharibika, na nyumbani pia kumeharibika. Viza inanyimwa familia nzima, na ile hela hairudi.

Na kiapo ni kiapo kweli. Unasimama dirishani, unanyanyua mkono wa kulia, unaapa kwamba yote uliyoandika ni kweli. Pale kijana wa steshenari hayupo. Yeye saa hizo anatoa kopi za watu wengine.

Sasa yule aliyepenya. Maana wapo waliopenya, tusidanganyane, na ndio wanaowapa wenzao moyo. Kapera wetu kaapa, kapewa viza, kapanda ndege peke yake, mke kabaki na ahadi kwamba "nikitulia nakuita". Anatulia. Miaka inakwenda. Anataka kumwita. Atamwitaje, wakati kwenye faili lake hana mke? Cheti cha ndoa kina tarehe, na tarehe ni ya kabla ya fomu. Akikipeleka, anakuwa amepeleka mwenyewe ushahidi kwamba aliingia kwa uongo.

Kwa hiyo anakuja na akili nyingine ya mjini: anarudi Dar likizo kuoa upya. Anamwoa mke wake! Posa ya kujifanya, mashahidi walewale, shela la kuazima, na kwenye cheti kipya anaandikwa kapera. Watoto wa bwana harusi ndio wanaobeba pete. Mwenye kahawa wetu aliposimuliwa hii aliweka birika chini akauliza, "Na mahari alitoa tena?" Mtu anacheka, lakini tazama vyeti vya kuzaliwa vya wale watoto: baba yumo, mama yumo, mwaka umo. Halafu siku ya kuomba uraia anaulizwa kwenye fomu ameoa mara ngapi na lini. Afanye hesabu. Akisema mara moja, ipi? Uongo wa makusudi kwenye jambo zito kama hilo, sheria yao inaweza kukufungia mlango maisha, na aliyekwisha kuingia anaweza kuambiwa hakustahili kuingia tangu siku ya kwanza, akafunguliwa kesi ya kurudishwa. Aliyekosea bila kukusudia habari yake ni tofauti, mara nyingi anapoteza nafasi ya mwaka ule na kuomba tena. Lakini mtu aliyeoa upya mke wake aliyemwoa miaka kumi na mbili iliyopita, nani atamwamini kwamba alikosea?

Na ujue alichokitupa. Angemwandika tangu mwanzo, mke na watoto wangepata viza zao kwenye bahati ileile, mradi ziwe zimetolewa kabla ya mwaka wa fedha wa Marekani kufungwa, Septemba 30. Tarehe hiyo ikipita, mlango wa bahati nasibu umefungwa kwao. Inabaki foleni ya kawaida ya mwenye grinikadi kumwombea mke, ambayo inaweza kula miaka. Na hiyo foleni ndiyo hawezi kuikanyaga kwa amani, kwa sababu ya tiki ya steshenari.

Upande wa pili kuna makapera wa kweli wanaojifanya wameoa. Hawa kijiweni tunawaita mabwana harusi wa Mei, kwa kuwa matokeo yanatoka Mei na wao wanapata wachumba Mei hiyohiyo. Kuoa baada ya kutuma fomu si kosa, ofisa atataka cheti na ushahidi kwamba ndoa ni ndoa. Kosa ni kumuuzia mtu nafasi ya mke. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliandika juu ya biashara hii kwenye ripoti yake ya 2007: mawakala wanashikilia barua ya mshindi mpaka akubali kufungishwa ndoa na mwenye hela. Wanandoa hao wanakuja ubalozini na albamu. Ofisa anawatenganisha, anauliza wali ulipikwa wapi, nani alimtoa bibi harusi, shemeji mkubwa anaitwa nani. Kwenye picha wageni sita wamevaa nguo zilezile kwenye harusi, send-off na kitchen party, na hina ya bibi harusi haijakauka katika picha zote tatu. Ndoa ya mkeka ina haraka, lakini hata yenyewe ina mjomba mwenye hasira. Hizi hazina hata mjomba.

Kinachoniuma mimi ni yule mama wa Gongo la Mboto. Yeye ndiye aliyeuza vitenge ikapatikana nauli. Yeye ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege. Hajui kwamba kwenye makaratasi ya serikali nyingine hajawahi kuolewa, na kwamba kila anapouliza "lini?" anamuuliza mtu ambaye hawezi kujibu bila kujishtaki. Tunamwona hapa mtaani, mwaka wa nne, mwaka wa tano, anasema mume wake yuko kwenye taratibu. Watu wanamtazama wanadhani kaachwa kwa ajili ya Mzungu. Hapana. Alifutwa kwa ajili ya passport size.

Kuna atakayeniambia maneno yote haya ya nini, wakati Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuisimamisha programu hiyo. Sawa. Lakini fomu za miaka ya nyuma hazikusimamishwa. Ziko kwenye mafaili, na majina yenu yamo. Na siku ikifunguliwa tena, steshenari ni ileile na kijana ni yuleyule.

Kwa hiyo wewe uliyeko Marekani na mke wako yuko huku: kabla hujanunua shela la pili, mtafute wakili wa uhamiaji mwenye leseni, mweleze ukweli wote, na usitume fomu nyingine yoyote mpaka akujibu. Si rafiki wa kwenye kikundi cha WhatsApp, wakili. Na wewe dada, mumeo akikuambia anakwenda kujaza bahati nasibu, vaa viatu mwende wote. Kaa kwenye kile kiti cha plastiki, soma kilichoandikwa kwenye kioo kabla hakijatumwa.