Namna ya Kumtuza Mtunzi wa Nyimbo Mjini Bunia

Kwanza mtafute, na hapo ndipo penye kazi. Ingia nganda yoyote, yaani baa, ya mtaa wa Nyakasanza Jumamosi jioni, ngoja wapige "Mabele", kisha uliza ni wimbo wa nani. Mmoja atasema wa Sam Mangwana. Mwingine atapiga meza aseme ni wa Franco, maana ni TP OK Jazz, bendi yake, na chupa nyingine zitaagizwa kwa ajili ya ubishi huo. Aliyeutunga ni Lutumba Simaro, mpiga gitaa aliyewapa wenzake maneno ya kuimba: Mangwana akapewa "Mabele" mwaka 1974, Carlyto akapewa "Maya" mwaka 1984. Watu walimwita Mshairi, na bado jina lake mezani huja la tatu, likija.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu hata faranga moja. Kila wimbo unapopigwa, mtaje aliyeutunga kabla ya aliyeuimba. Nawasihi hasa watangazaji wa Radio Candip na wa redio zote za mji huu, kwa sababu sauti zenu zinafika Mahagi na Kasenyi ambako kamati yoyote haifiki. Katika rumba ya siku hizi tajiri akitoa pesa, jina lake linaimbwa katikati ya wimbo, na mabanga hayo yana bei yake. Wimbo unajaa majina ya wenye dhahabu na wenye vyeo, na la aliyekesha akitafuta maneno halimo. Hilo linaniuma.

Ukishampata mtunzi, usikimbilie kuunda kamati. Kamati ina rais, makamu wa rais, katibu, mtunza hazina na washauri, na wote hawa wanataka maji ya kunywa na nauli. Chukua watu watatu wanaozijua nyimbo zake kwa moyo. Mmoja aende kwake na simu yenye chaji, akae naye uani asubuhi, amwulize taratibu: huu uliutungia wapi, nani alikuwa kwenye solo, ubeti huu ulimlenga nani? Arekodi yote. Tunamjua mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco leo kwa sababu mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, Likasi ya sasa, akarekodi gitaa lake na Kiswahili chake. Wazee wetu hawahitaji kusubiri mgeni mwenye mashine, maana mashine iko mfukoni mwa kila kijana wa Mudzipela. Usiwasahau watunzi wa kwaya. Nyimbo zinazoimbwa Jumapili katika makanisa ya CECA 20 na ya Wakatoliki zinajulikana na watoto wa mji mzima, na zina wenyewe. Wengine wao wako hai, wanapita barabarani na hakuna anayewasimamisha.

Sasa sherehe. Ifanyike mchana, maana mkoa wetu wa Ituri uko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tangu Mei 2021 na watu wanapenda kuwa kwao mapema. Hotuba zote kwa pamoja zisizidi robo saa. Tunazijua hotuba zetu: zinaanza kwa Mheshimiwa Gavana, zinashuka cheo kwa cheo hadi chifu wa kartie, halafu msemaji anatangaza kwamba protokali yote imezingatiwa wakati jua limeshazama. Mtunzi asiombwe kuimba bure katika sherehe yake mwenyewe. Papa huyo ameimba bure vya kutosha. Vijana wapige nyimbo zake, yeye akae mbele, kwenye kiti sawa na cha gavana, na kabla ya kila wimbo mwaka wake utajwe. Cheti mpe, ila kifuatane na bahasha, na bahasha iwe nzito kuliko fremu.

Bahasha itaisha, kwa hiyo fika kwenye sheria ya haki za watunzi. Tunayo tangu tarehe 5 Aprili 1986, ile namba 86-033. Inampa mtunzi haki ya jina lake kutajwa na haki ya kulipwa kazi yake inapotumiwa mbele ya watu, na inawalinda warithi wake miaka 50 baada ya kifo. Franco alifariki Oktoba 1989: watoto wake wana haki hadi 2039. Simaro alifariki Machi 2019, basi ni 2069. Zawadi kubwa unayoweza kumpa mtunzi wa Bunia ni kukaa naye siku nzima, kuorodhesha nyimbo zake moja moja, nani alitunga maneno na nani muziki, na kumsaidia kujisajili SOCODA, shirika la haki za watunzi lililochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Na wewe mwenye nganda unayevuta wateja kwa muziki, lipa ada ya SOCODA. Kisha dai kwa sauti kubwa kwamba imfikie mwenye wimbo. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, tukacheza, nami nilifurahi sana. Iliyotuzwa pale ni rumba. Mtunzi, mwenye daftari la maneno, anatusubiri sisi.

Ukitaka kumpa heshima inayozidi zote, mpe kituo chenye jina lake. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam, akatunga kwa Kiswahili kuhusu maskini na kifo, akafariki huko Desemba 2010. Hadi leo makondakta wa daladala wanaita "Sinza kwa Remmy", na abiria wanashuka hapo na vikapu vyao. Sisi tuna vijiwe vya motari, waendesha pikipiki wetu, kila kona ya Boulevard de Libération. Chagueni kimoja, kilicho karibu na nyumba ya mtunzi. Leteni kibao na rangi nyeupe, andikeni jina lake lote bila kulifupisha, na mwambieni kila motari bei ya kwenda pale, ili jina lianze kuitwa yeye mwenyewe akisikia.