Muulize Mjomba: Friji Inanitekenya

Shikamoo Mjomba. Nimepanga vyumba viwili Kanyenye, hapa hapa Tabora. Nikishika mlango wa friji nasikia inanitekenya, soketi ya jikoni imeungua pembeni, na taa ya chumbani inakonyeza usiku kucha. Mama mwenye nyumba anasema ni macho yangu. Nifanyeje? – Anayetekenywa

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi. Yule mwenzangu wa ukurasa wa mapenzi angekwambia taa inayokukonyeza ina nia nzuri, uitongoze.

Kabla sijakujibu, ujue kwanza unaongea na nani. Kwenye ukoo wetu waya ni urithi. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kuja huku bara kumtafuta Livingstone, pamoja na majora ya nguo na shanga alikuja na waya wa shaba ratili 350, yaani karibu kilo 160, mnene nusura ulingane na waya wa simu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ule ndio uliokuwa dhahabu. Watu waliuvaa mikononi na miguuni. Sasa nikisema alikuja nao, usidhani aliubeba. Waliubeba wapagazi, na mmoja wao alikuwa babu wa babu yangu. Hakuna kitabu hata kimoja kinachomtaja, na hiyo ni aibu ya vitabu. Kwa hiyo sisi tumeshika waya tangu umeme haujafika Unyamwezi, na katika safari zote zile hakuna wa kwetu aliyepigwa shoti. Wenye wivu wanasema ni kwa sababu waya haukuwa na umeme ndani. Wenye wivu hawakosekani.

Turudi kwenye friji yako. Nilikuwa nimeisahau.

Friji haitekenyi mtu kwa utani. Umeme umevujia kwenye bati lake, na umeme ukishavuja unatafuta pa kushukia ardhini. Ndiyo maana fundi hupitisha nyaya tatu kwenye soketi. Nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Nyumba za siku hizi utakuta kahawia, bluu, na ule wenye kijani na njano. Huo wa kijani ndio njia ya kushukia: unakwenda hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa nje ya ukuta. Ukikosekana, njia ni wewe, mpwa wangu. Leo umevaa kandambili, unatekenywa unacheka. Siku ukitoka kuoga ukaenda kuchukua maji ya baridi na miguu yako mibichi, barua ya pili ataiandika ndugu yako.

Isevya niliitwa kwenye nyumba moja nzuri, ina marumaru mpaka chooni. Fundi alipofungua soketi mbele yangu tulikuta waya wa kijani umekunjwa vizuri, ukazungushiwa utepe mweusi, ukasindikwa ndani ya ukuta. Hauendi popote. Aliyeufunga alikuwa na mkono msafi kabisa, yule bwana. Ukiutazama unaweza kumpa zawadi. Nyumba nzima, hakuna fimbo nje.

Sasa dawa. Nenda stesheni ukate tiketi ya treni ya Kigoma. Reli ilifika hapa Tabora mwaka 1912, kwa hiyo kwa kadiri ninavyoijua, usitoke nyumbani bila chakula cha njiani. Beba matobolwa na chupa ya asali, na ukiulizwa asali ya wapi jibu kwa sauti. Shuka Uvinza. Nunua chumvi ya pale, ile iliyokuwa ikitembezwa kwenye njia za misafara kabla hata ya Stanley kuzaliwa. Rudi nayo.

Unacheka? Muulize fundi yeyote aliyekomaa. Ardhi ya kwetu kuanzia Mei hadi Oktoba inakauka ikawa ngumu kama tofali, na fimbo iliyochimbiwa kwenye udongo mkavu haipitishi umeme inavyotakiwa. Mafundi wa zamani huchimba shimo, wakashindilia mkaa na chumvi kuizunguka fimbo, wakamwagia maji. Ila chumvi inakula chuma polepole, kwa hiyo fimbo ikaguliwe, isije ikawa jina tu. Chumvi ya duka la jirani inafanya kazi ile ile, na ni nafuu kuliko tiketi. Lakini mtu aliyepata bahati ya kushauriwa na mimi hawezi kujishusha kwenye chumvi ya duka la jirani.

Tena umwombe fundi akuonyeshe kama kwenye meni swichi kuna ile breka yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kazi yake ni kuhisi umeme unaovuja na kuukata. Za majumbani nyingi hukata uvujaji ukifika miliampea 30, kabla moyo wako haujachanganyikiwa. Kitufe kile ni cha kuijaribia. Ukikibonyeza, umeme ukate pale pale. Usipokata, hiyo ni pambo.

Kuhusu soketi iliyoungua sina utani, na unajua mimi ni mtu wa utani. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Januari 1893, Wajerumani walipomzidi ndani ya ngome yake hapa hapa Tabora, aliingia kwenye ghala la baruti akaiwasha. Alikuwa na vita na alikuwa na sababu. Wewe una sababu gani ya kuendelea kuchomeka pasi mahali panaponuka plastiki iliyoungua? Soketi moja inabeba ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Birika peke yake linaweza kula 2,000. Sasa wewe umeweka ekstensheni, juu ya ekstensheni umeweka adapta, kuna birika, pasi, redio na chaja tatu, halafu ukutani kuna waya wa milimita 1.5, ambao ni wa taa, umewekwa na mtu aliyeona ule wa 2.5 ni ghali. Waya unachemka huko ndani na wewe huuoni. Na hiyo taa inayokonyeza, mara nyingi ni maungio yaliyolegea, kama si panya wa darini, na maungio yaliyolegea yanatoa cheche.

Mama mwenye nyumba sasa. Hapa ndipo kipaji changu kinapong'aa. Mwalike chai. Mkaribishe avue viatu, umwambie, "Mama, naomba unisaidie kutoa maziwa kwenye friji." Mhariri ananiandikia pembeni kwamba hiyo ni jinai. Wahariri ni watu wa baridi sana. Basi avae viatu, akae mbali, na fundi aguse mlango wa friji kwa testa mbele yake. Kale kataa kakiwaka, hakuna tena habari za macho yako. Piga picha.

Na umweleze kwa heshima kwamba kazi ya TANESCO inaishia kwenye mita. Kutoka hapo kwenda ndani, nyaya ni za kwake kama yalivyo mabati. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 inamhesabu mwenye nyumba kuwa ameahidi kwamba chumba anachopangisha kinafaa kukaliwa na binadamu, hata kama mkataba wenu ni wa nusu ukurasa. Mwandikie barua, ubaki na nakala, nyingine uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukikubali kumlipa fundi kutoka mfukoni mwako ili ikatwe kwenye pango, mkubaliane kwa maandishi kabla fundi hajafungua begi. Na fundi awe na leseni ya EWURA. Akikasirika ukimuuliza leseni, umeshapata jibu.

Habari hizi za malipo zimenikumbusha hongo ya njiani. Misafara ikipita Ugogo, watani zangu kule walikuwa hawaachii mtu apite bila kutoa nguo na waya; babu wa babu yangu alilalamika mpaka kufa. Na wewe kila mwezi ukinunua LUKU unakatwa kodi ya jengo. Ilianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikawa 1,500. Kisheria ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni nani? Haya, tunza zile meseji, uzihesabu siku ya kulipa pango, mdai akurudishie. Na kama mnachangia mita moja wapangaji wanne na mnagombana nani anapika kwa umeme, kaeni kikao. TANU walikaa kikao hapa hapa Tabora Januari 1958 wakakubaliana kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, jambo zito lile, watu karibu wavunje chama. Nyinyi mnashindwa kukubaliana juu ya birika! Mwalimu Nyerere amesoma mji huu na amefundisha mji huu. Mimi pia nimekaa mji huu. Sisemi zaidi.

Nilitaka nikueleze jinsi nilivyomshauri mkubwa mmoja wa reli kuhusu jenereta, ila nafasi imekwisha na mhariri amesimama mlangoni. Kwa kifupi: zima meni swichi leo, toa plagi ya friji, usiichomeke mpaka fundi apite. Mtu akinaswa, usimshike. Kata umeme kwanza. Moto wa umeme haumwagiwi maji. Zimamoto ni 114.

Majibu ya haraka. Bwana wa Urambo: hapana, msumari si fyuzi, hata kama umekaa miaka yote hiyo bila kuungua, ndiyo ubaya wake. Dada wa Nzega: ndiyo, paka naye anapigwa shoti, mtoe juu ya mita. Mama wa Sikonge: barua yako kurasa sita inahusu mume, si umeme. Nimeisoma yote. Anza na meni swichi.