Aliyemaliza Kusoma

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilimkuta barazani kijana wa jirani yangu, aliyehitimu kidato cha nne mwaka jana, amejinyoosha juu ya mkeka na simu kifuani, na mjomba wake, fundi seremala, alipomwita ajifunze walau kushika randa, alijibu kwa adabu zote: "Mjomba, mimi si nimeshamaliza kusoma?" Alhamdulillahi! Wazee wetu walikufa wakihimizana kwamba elimu ni bahari isiyo na ng'ambo, kumbe ng'ambo yake ni Novemba, siku ya mtihani wa mwisho. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kuwa shule zawafanya watoto wadhani maarifa yote yamo vitabuni. Huyu wetu, maskini, hata huko hayaoni. Madaftari yake ameyauza kwa kilo kwa muuza karanga wa pale kona, ambaye hakuvuka darasa la nne; naye jana, akinifungia karanga zangu kwa mchoro wa moyo wa binadamu, aliusitisha mkono wake, akaniuliza: "Bwana, damu ikitoka chumba hiki yaelekea wapi? Maana ukurasa wa pili nimeshamfungia mteja mwingine."