Cheti cha Bure na Wenye Kitufe Chao

Vyeti vya nchi hii nimevizoea. Unaanza kwa mjumbe, unapanda kwa mtendaji wa mtaa, unarudishwa na picha za pasipoti zenye bluu nyuma kwa sababu wao wanataka nyeupe, halafu muhuri umefungiwa kwenye droo na mwenye ufunguo yuko msibani. Mtu aliyekuzwa hivyo atamwaminije anayegawa vyeti bure, usiku na mchana, bila kukuuliza hata jina la baba yako?

Lakini wapo. Kuna shirika la Marekani lisilotafuta faida, Internet Security Research Group, ambalo kupitia mradi wake wa Let's Encrypt limekuwa likigawia watu vyeti vya usalama vya tovuti tangu mwishoni mwa 2015. Kufikia Februari 2020 walikuwa wameshatoa bilioni moja. Bilioni, na hakuna aliyeambiwa njoo Jumatatu.

Aliyenitia katika mambo haya ni shangazi yangu. Ana ukumbi wa sherehe Tabata, na ukumbi una tovuti yenye picha za viti vilivyovishwa vitambaa na bei zake. Anwani ya tovuti ilianza na http tupu, bila ile s ya mwisho, na tangu Julai 2018 Chrome inaziandikia tovuti zote za namna hiyo kwamba si salama. Inaandika juu kabisa, kabla mtu hajaiona hata meza kuu. Basi kamati za harusi zikawa zinapiga simu kuuliza tatizo ni paa au ni umeme. Mama mmoja akataka kujua kama ukumbi una kesi mahakamani. Shangazi akaniita: "Baba, wewe si unajua mambo ya kompyuta? Njoo uniondolee hilo neno." Katika ukoo wetu, kujua mambo ya kompyuta maana yake uliwahi kuonekana na laptopu.

Nikaipigia kampuni inayotuhifadhia tovuti. Kijana wa huduma kwa wateja akajibu haraka: "Cheti kipo mkuu, laki na nusu kwa mwaka." Nikamwambia nasikia vipo vya bure. Akanyamaza kidogo. "Vya bure mkuu siyo vizuri sana."

Siyo vizuri kivipi? Kazi ya cheti ni kuthibitisha kwamba seva hiyo kweli ni ya anwani hiyo, ili kivinjari na seva viongee kwa mafumbo na namba ya simu anayoijaza bibi harusi isisomwe na mwenye wifi ya mgahawani. Mafumbo ni yale yale, ulipe usilipe. Ni kweli, vipo vyeti vya bei ambavyo mtoaji huchunguza hadi usajili wa kampuni yako, lakini kijana hakuwa ananiuzia hicho. Alikuwa ananiuzia kile kile kinachotolewa bure.

Na uthibitisho wenyewe hauna maneno mengi. Ni kama kuambiwa: ikiwa kiwanja ni chako, kachimbie kigingi katikati, nakuja kukiangalia. Let's Encrypt wanakupa faili dogo, unaliweka kwenye folda wanayoitaka ndani ya tovuti yako, nao wanakuja kulichungulia kutoka pande mbalimbali za dunia. Wakilikuta, umepata.

Kwenye paneli nyingi za kuendeshea tovuti kazi yote hiyo ni kitufe kimoja. Kwetu kitufe hicho kampuni ilikuwa imekizima. Nikafanya kwa mkono. Jina la folda linaanza na nukta, na paneli huzificha folda zenye nukta, kwa hiyo unaitengeneza, inapotea machoni, unaanza kujitilia shaka. Kisha unabandika maandishi marefu yasiyosomeka, cheti mahali pake na ufunguo wake wa siri mahali pake, kila kimoja kikianza na deshi tano. Ukisahau deshi moja, paneli inakukatalia bila kukueleza kwa nini.

Kikakubali. Halafu unasoma tarehe: kinadumu siku 90. Wenye kitufe, seva inajihuishia cheti yenyewe wao wamelala. Mimi wa mkono narudi kwenye deshi zangu, na barua pepe za kukumbusha walizokuwa wakituma Let's Encrypt walizikomesha Juni 2025. Sababu ya muda mfupi naielewa, kwamba ufunguo ukiibwa usimfaidishe mwizi kwa muda mrefu. Naielewa na bado nanuna. Tena wenye vivinjari na watoa vyeti walishakubaliana Aprili 2025 kwamba ifikapo Machi 2029 cheti cha tovuti kisizidi siku 47, kiwe cha bure au cha laki na nusu. Namsubiri yule kijana aniuzie mwaka mzima wakati huo.

Shangazi alipofungua tovuti hakusema asante. Akauliza: "Kufuli iko wapi?" Mtu alimwambia lazima pawe na alama ya kufuli pembeni ya anwani. Nikamweleza kwamba Chrome waliiondoa mwaka 2023, kwa sababu watu walidhani kufuli maana yake mwenye tovuti ni mwaminifu, wakati matapeli nao wana vyeti. Akanitazama kwa huruma. Sasa hivi anaziambia kamati kwamba ukumbi wake una cheti cha Marekani, na bei ya Jumamosi imepanda.

Wewe mwenye tovuti ya duka, ya kwaya au ya saccos, kabla hujatoa hela yako, waulize wanaokuhifadhia kama paneli yao ina kitufe cha cheti cha bure, na kama kimezimwa, nani alikizima. Wakikujibu kwamba vya bure siyo vizuri, hama. Kampuni zinazokiacha kitufe kikiwaka ziko nyingi, na ya shangazi naihamisha mkataba ukiisha.